Mzigo Unaopanda Nyiragongo

Wageni waliowahi kulala juu ya Nyiragongo, volkeno ya mashariki mwa Kongo, husimulia moto. Husimulia ziwa la lava likitokota ndani ya kasoko yenye upana wa zaidi ya kilomita moja, wekundu uliopaka mawingu ya mji wa Goma usiku, na harufu ya salfa iliyowakaba koo. Mara chache husimulia ni nani aliyewapandishia maji ya chai waliyokunywa huku wakiutazama moto huo.

Na maji, kule juu, si jambo dogo. Mlima una kimo cha mita 3,470, mvua hainyimi upande ule wa Kivu, lakini mpandaji hakuti kijito hata kimoja njiani, kwa sababu miamba ya lava ina matundu na hunywa kila kinachodondoka. Kwa hiyo, mlima unapokuwa wazi kwa wageni, kila lita ya kupikia na ya kunawa hutoka chini, Kibati, kwenye kituo cha askari wa hifadhi kando ya barabara ya Rutshuru, na hupanda kwa mgongo wa mtu. Hupanda pamoja na makala, sufuria, viazi, mifuko ya kulalia na makoti mazito. Kileleni vipo vibanda vidogo tu kwenye ukingo wa kasoko, na usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri. Aliyesahau koti Kibati, basi atatetemeka hadi asubuhi.

Anayefanya safari hiyo iwezekane ni mpagazi. Watu humwita mbebaji, kana kwamba kubeba ni nguvu peke yake. Msomaji amtazame kwa makini mtu huyo kabla hajaanza kupanda.

Begi la mgeni likiwekwa chini, hulinyanyua kwa mkono mmoja na kulitikisa. Kinachocheza ndani kitamsumbua kwa saa tano nzima, basi hulifungua na kulipanga upya. Vizito huvisogeza karibu na uti wa mgongo, vilaini huviweka pembeni, na mkanda huukaza mpaka begi lishike mwili. Bidoni la njano hulijaza mpaka mdomoni. Mtu asiyejua angepunguza kidogo ili uzito upungue, kumbe maji yanayochezacheza ndani ya bidoni humvuta mbebaji upande kila anapoinua mguu, na kwenye ukingo wa jiwe kuvutwa kidogo kunatosha kuanguka. Makala huyaviringisha ndani ya nailoni, tena mara mbili, maana makala yaliyolowa hayapiki kitu. Yote hayo hufanyika kwa dakika chache, bila maelezo, huku mgeni akipiga picha za miti.

Njia ina kilomita nane hivi, na ndani ya hizo mpandaji huongeza karibu mita 1,500 za kimo. Mwanzoni ni msitu na tope. Kisha huja mawe ya lava ya mwaka 2002, yenye makali, yanayoteleza kila moja kwa namna yake. Hapo mpagazi hafupishi safari kwa hatua ndefu. Hatua yake ni fupi, mguu hauinuliwi juu, unyayo hutua wote kwa pamoja, na fimbo hutangulia kuliuliza jiwe. Akiona mgeni anahema, husimama yeye kwanza, ajifanye anarekebisha mkanda. “Pole pole, mama,” na safari huendelea. Heshima ya namna hiyo haifundishwi katika shule yoyote ya utalii.

Katikati ya mteremko ipo Shaheru, kasoko ya zamani iliyozimika. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka kutoka maeneo yale hadi karibu na mji, lava ikakata Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia Ziwa Kivu. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hutiririka upesi kuliko ya volkeno nyingi duniani. Mwaka 1977 iliwakuta wanavijiji kabla hawajakimbia. Ni mlima huo ambao mpagazi huugeuza kuwa ofisi.

Kazi yake ina ukoo mrefu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na nguo kati ya Tabora na Bagamoyo, mizigo ya kilo 30 hivi kwa miezi, na kijana aliyewahi kufika pwani alirudi akiwa na jina. Kilichoichafua kazi hiyo ni kulazimishwa. Jeshi la Wabelgiji lilipoteka Tabora mwezi Septemba 1916, lilifika huko kwa migongo ya maelfu ya watu wa Kongo ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Labda ndiyo sababu mpaka leo mzazi wa mjini husikitika mwanawe akiitwa mpagazi. Vitabu navyo havikusaidia: kila mtu anayesoma habari za volkeno anajua kwamba mtaalamu wa volkeno Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava la Nyiragongo mwaka 1948, lakini waliombebea vyombo hawatajwi.

Kilimanjaro wameanza kurekebisha. Huko wapagazi hujiita wagumu, mizigo hupimwa kwa mizani langoni, na mzigo anaopewa kila mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20. Ni kanuni tu, na kanuni huvunjwa, lakini angalau mtu ana kitu cha kushika anapodai haki yake.

Nyiragongo haujapata nafasi hiyo. Hifadhi ya Virunga inayousimamia mlima huo, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo imepoteza zaidi ya askari wake 200, ilisimamisha utalii mwezi Mei 2018 baada ya utekaji nyara, ikafungua mwezi Februari 2019, ikafunga tena mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena na ziwa la lava likakauka kasokoni. Kisha vita vya waasi wa M23 vikashuka kwa barabara ileile ya Rutshuru, na mwezi Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwao. Kabla ya hapo, Kanyaruchinya, jirani na Kibati, palikuwa pamejaa vibanda vya turubai vya wakimbizi wa ndani, juu ya lava ngumu isiyochimbika hata shimo la choo. Magodoro, bidoni na watoto vilifika pale juu ya vichwa, migongo na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Ujuzi wa kufunga mzigo usicheze haukupotea. Ulipata tu kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Msomaji atakayebahatika kupanda siku Kibati itakapofunguliwa, apunguze mzigo wake akiwa bado nyumbani. Kiti cha kukunja kibaki. Chupa za pombe zibaki. Alipe kabla ya kuombwa, amuulize mpagazi jina lake lote, na akisimulia habari za moto aliouona, jina hilo alitaje kwanza.