Bujora na Hukumu ya Watazamaji

Aghalabu, litajwapo jambo la kuustawisha mji, makumbusho ya sanaa huhesabiwa katika mapambo: hukumbukwa baada ya barabara, soko na stendi. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, yanaikanusha hesabu hiyo.

Mwanzilishi wake ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na kamati ya Wasukuma iliyokusanya vitu na habari za nchi yao tangu miaka ya 1950. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Mamlaka ya watemi yalikuwa yamekwisha kuondolewa mwaka 1963, na ngoma zao zimepoteza kazi yake ya utawala. Banda lenye umbo la kiti cha mtemi likazipa makao. Jengo hilo lastahili sifa, kwa kuwa umbo lake husema kabla maandishi hayajasomwa. Lakini (na hili wasifuji wa majengo hulisahau) si jengo lililomtoa mkulima shambani.

Kilichomtoa ni mchezo. Katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, iliyozaliwa na maandamano ya Ekaristi na maua yake, Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja. Hapana mwamuzi mwenye kalamu: upande uliojaza watazamaji ndio mshindi. Kwa hiyo kila upande hubuni jipya, kwa nyoka, kwa vinyago, kwa vichekesho, hata kwa dawa za mvuto, ili wenzao wabaki na vumbi. Mtazamaji hapo ni hakimu, na miguu yake ndiyo hukumu. Msaada wa watu kwa sanaa, ambao siku hizi hutafutwa kwa mikutano na matangazo, ulikuwa umo ndani ya sanaa yenyewe.

Kasoro ni kwamba siku za kawaida hukumu hiyo hulala, na vitu vilivyomo ndani havishindani na chochote.

Buhongwa, kwenye njia ya Shinyanga, kunazidi kujaa nyumba. Kwa mtoto aliyekulia huko, ngoma ya mtemi yaweza kuwa ngeni kama ilivyo kwa mtalii. Makumbusho ya makabati ya vioo yatasifiwa siku ya ufunguzi, kisha yatabaki na mlinzi wake. Kinachotakiwa kwanza ni uwanja upanao wa kutosha ngoma mbili kwa pamoja, utengwe kabla wapima viwanja hawajaugawa kuwa maduka.