Vizingiti Viwili kwa Siku Moja

Maadamu wasomaji wa ukurasa huu mmekwisha kuzitazama sehemu zote za filamu ya yule bwana wa Mombasa anayeihuisha Datsun 240Z uani kwake, nami sina haja ya kuwasimulia jinsi gari lilivyopatikana, wala jinsi lilivyoburutwa hadi nyumbani, wala habari za kuku waliokuwa wakitaga ndani ya buti lake, naona ni insafu niingie hima katika saa ile ya msumeno, pale alipovikata vizingiti vya milango vya pande zote mbili, kulia na kushoto, kwa siku moja, gari likiwa limekaa juu ya stendi nne zilizowekwa kwenye ncha za bodi, wala hamna ndani yake hata chuma kimoja cha kuishikilia isilegee. Gari lile lilipotea pale. Nasema mapema ili asiyependa kungoja hukumu asinilaumu.

Z haina chasisi ya kujitegemea kama ya Land Rover ya zamani, ambayo waweza kuivua bodi nzima ukaenda zako ukanywa chai. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma pana milimita 2305, na katikati ya urefu huo ndipo wabunifu wa Nissan walipoacha matundu makubwa mawili ya milango, kisha nyuma wakaacha jingine, la mlango wa buti uliopanuka karibu upana wote wa gari, hata uzito unaotoka mbele kwenda nyuma ukawa hauna njia za kupitia ila paa, handaki la gia boksi, na vile vizingiti viwili vilivyo wazi ndani mithili ya boriti la bati. Ondoa kimoja, na vilivyobaki vitastahimili kwa muda. Ondoa vyote viwili, pamoja na vipande vya sakafu vilivyoungana navyo, na umebakiwa na dau lililotolewa mkuku lingali juu ya maji.

Fauka ya hayo, injini alikuwa amekwisha kuirudisha mahali pake. Hili nalo ni donda langu la zamani, na wasomaji wa siku nyingi watanisamehe nikilitonesha tena: mafundi wa nyumbani aghalabu huanza na injini kwa kuwa injini hutoa sauti, na sauti huleta wageni uani, ilhali bodi hutoa vumbi tu na gharama. L24 ya gari hili ni injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, bloku yake ni ya chuma cha kalibu, na uzito wake wote ulikuwa ukining'inia baina ya stendi za mbele na sehemu ile ile ambayo msumeno ulikuwa ukiidhoofisha. Laiti stendi zingekuwa chini ya mahali panapobeba springi, bodi ingekaa walau kama inavyokaa ikiwa barabarani. Kwa kuwa zilikuwa kwenye ncha za mbele na nyuma, tumbo la gari halikuwa na hiari ila kushuka.

Na lilishuka. Itazameni tena sehemu ile ambapo vizingiti vipya vimekwisha kulehemiwa naye anajaribu kuufunga mlango wa dereva kwa mara ya kwanza. Upenyo wa juu, penye kona ya nyuma ya mlango, umebana hata karatasi haipiti. Upenyo wa chini umepanuka hata kidole kinaingia. Bodi inapopinda katikati, nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa husogeleana kwa juu na kuachana kwa chini, na asiyejua hesabu angeweza kuisoma alama hiyo kwa macho matupu. Bwana wetu aliiona. Aliinamia, akapima kwa kidole, akanyamaza kidogo, nami nilidhani atasema neno la kukata shauri. Badala yake akachukua greinda na kuusaga ukingo wa mlango mpaka ukafunga.

Basi pale ndipo makosa mawili yalipozaa la tatu, kwani mlango uliosagwa ulihitaji kujazwa, na cha kuujazia kilikuwa bodi fila. Ugomvi wangu na bodi fila una umri mkubwa, na wako wanaosema nimekuwa mzee wa neno moja. Sikatai kwamba dawa ile ina mahali pake: utando mwembamba juu ya bati lililokwisha kunyooshwa, ili rangi ikae sawa. Lakini hapa ilitumika kuficha umbo la gari zima, ikapakwa kwa unene wa kidole chini ya mlango, katika mji ambao upepo wake una chumvi na unyevu usiokoma, mahali ambapo maji ya mvua yatapita kila masika. Hadaa ya namna hii haidumu. Itapasuka kwenye mstari ule ule ambao bodi inataka kupinda, na mnunuzi atakayekuja atadhani kuwa ni rangi mbaya.

Tadbiri ya kazi hii si siri, wala haihitaji mali nyingi. Kabla ya msumeno kugusa bati, mlango hufungwa vizuri na penyo zake hupimwa na kuandikwa. Kisha mabomba ya mraba hulehemiwa ndani, moja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, jingine kwa hanamu, na la tatu kuvuka kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto. Stendi huwekwa panapobeba magurudumu. Vipimo vya hanamu huchukuliwa juu na chini. Ndipo upande mmoja peke yake hukatwa, kizingiti kipya hushikwa kwa nukta chache za moto, mlango hurudishwa ukafungwa kuwa ndio rula, na ukikubali ndipo mtu huanza kulehemu, kidogo huku na kidogo kule, ili joto lisilivute bati jembamba upande mmoja. Upande wa pili hungoja hadi wa kwanza umalizike. Kazi ya kuweka mabomba hayo ingemchukua asubuhi moja.

Nimeambiwa kwamba namwonea, kwa kuwa si fundi wa kazi bali ni mtu anayefanya nyumbani kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayajapata kuwa mizani ya kupimia chuma. Joginder Singh alilelewa katika gereji ya baba yake, na Volvo PV544 aliyoshinda nayo mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1965, pamoja na nduguye Jaswant, ilikuwa gari lililokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Hakupewa jipya kutoka kiwandani, ila alijua afanyalo, na lile gari kongwe likawaacha wenye magari mapya. Hao ndio ninaowakumbuka kila nisikiapo udhuru wa umaskini wa vifaa.

Na kuhusu Z yenyewe, sina haja ya kuwakumbusha watu wa pwani na bara kwamba si gari la maonyesho tu. Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda Safari nayo mwaka 1971, na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews wakaishinda mwaka 1973, pale Mehta alipolingana alama na Harry Källström, aliyekuwa naye katika Datsun nyingine, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu. Gari ambalo ushindi wake uliamuliwa kwa tofauti ndogo kiasi kile, juu ya matope na mawe ya Afrika ya Mashariki, lilihitaji milango inayofunga na bodi iliyonyooka. Mafundi waliolitengeneza wasingeruhusu mlango usagwe ili ufunge, na kama wangefanya hivyo kwa dharura ya njiani, asubuhi wangetafuta sababu yake.

Injini, kwa insafu, aliitengeneza vizuri: ringi, beringi na valvu zimepimwa kwa vipimo sahihi, na kabureta zile mbili za Hitachi amezisawazisha kwa sikio na kwa kipimo cha hewa, bila ya kuziondoa na kuweka mtambo wa kompyuta kama wafanyavyo wenye haraka. Waya za umeme ni safi. Breki za diski za mbele hazina neno.

Lakini ameahidi mwishoni mwa sehemu ya juzi kwamba kinachofuata ni rangi, na hapo ndipo namsihi asimame. Bodi ipelekwe kwanza kwenye benchi la kunyooshea, ipimwe kutoka tundu hadi tundu, mishono ya vizingiti ikatwe upya upande mmoja mmoja, na mlango uliosagwa utafutiwe mwenzake. Iwapo atapata mtu wa kumtuliza kwamba kasoro yoyote itakayobaki itamalizwa kwenye alaimenti, na amwulize itamalizwa kwa boliti ipi, kwani kiwandani Z hii haikuwekewa boliti ya kurekebisha mwinamo wa magurudumu ya mbele. Kinachorekebishwa ni tairodi peke yake, na tairodi huelekeza gurudumu ndani au nje, haiwezi kulisimamisha wima juu ya bodi iliyopinda.