Kitendawili Juu ya Kopo

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kusoma kilichomo kati ya majalada mawili. Tukifika dukani, tunaacha kusoma: tunachukua bidhaa, tunalipa, tunakwenda zetu, na kifungashio kinaishia jalalani. Katika insha hii ninataka kutetea furaha moja ndogo ambayo wengi huionea haya, yaani furaha ya kulitazama kopo zuri la zamani kwa muda mrefu kuliko haja ya jikoni. Hoja yangu ni kwamba furaha hiyo ni furaha ya msomaji, na kwamba, kama usomaji wowote wa kweli, inatudai kitu.

Mfano wangu ni kopo la Golden Syrup ya Lyle kutoka Uingereza. Ninalo moja mezani, nililinunua kwa muuza vyombo vikuukuu hapa Kampala, na sasa linatunza kalamu zangu. Abram Lyle, mfanyabiashara kutoka Greenock huko Uskoti, alijenga na wanawe kiwanda cha kusafisha sukari mashariki mwa London. Katika kusafisha sukari ya miwa kulibaki majimaji mazito, nayo yakageuzwa kuwa kitu cha kupaka mkate na kutilia keki. Makopo yalianza kuuzwa mwaka 1885. Ni ya kijani kilichokolea na rangi ya dhahabu, yamejaa mapambo na maandishi kila upande, na katikati pana mchoro ambao mgeni akiuona mara ya kwanza hushtuka: simba amelala, nyuki wamemzunguka. Ukitazama vizuri utagundua kwamba simba huyo amekufa.

Ni nani angechora mzoga juu ya chakula? Jibu limo katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 14. Samsoni alimuua mwanasimba kwa mikono mitupu. Aliporudi njia ile ile baadaye, alikuta nyuki na asali ndani ya mzoga, akala. Katika karamu ya harusi yake aliwategea wageni 30 fumbo juu ya jambo hilo, akawapa siku 7 za kulifumbua, na dau likawa nguo. Lyle alikuwa mtu wa dini sana, na maneno machache yaliyoandikwa chini ya simba ni nusu ya pili ya fumbo hilo: kwamba utamu umetoka kwa mwenye nguvu.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoanza kujisikia nyumbani. Tunazijua kanuni za mchezo huu. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenzake hujibu, "Tega!" Wakishindwa kutegua, humpa mtegaji mji. Samsoni alitaka nguo, sisi tunataka mji, lakini sheria ni moja: asiyejua hulipa. Jambo la werevu katika kopo la Lyle ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Maneno yanauliza, picha inajibu. Mwenye kusoma maneno peke yake hajui ni nguvu gani inayosemwa, na mwenye kuangalia picha peke yake anaona mzoga tu. Ni lazima jicho lishuke kwenye maandishi na kupanda tena kwenye mchoro ndipo maana izaliwe. Huo mwendo wa jicho ndio ninaouita furaha, na ni wa bure kwa kila anayefungua kopo asubuhi.

Kanga nayo ina mchoro na maandishi katika uso mmoja: pindo, mji na jina. Lakini tofauti ni kubwa. Jina la kanga mara nyingi halielezi maua yaliyo katika mji wake. Linaelekezwa kwa mtu, jirani au mke mwenza au mpenzi, na yule anayelengwa ndiye anayeelewa zaidi. Kopo halimsemi mtu yeyote. Linamtegea kila mnunuzi fumbo lile lile, tajiri na maskini, mtoto na bibi yake.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinalifichua. Mkosoaji anaweza kudai kwamba mchoro huu unadanganya, maana ndani ya kopo hamna asali, na hakuna nyuki aliyefanya kazi yoyote. Kwa Kiingereza hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu asali na kilichomo koponi vina majina mawili yasiyohusiana. Kwa Kiswahili ipo asali ya nyuki na ipo asali ya miwa. Lugha yetu inakiri kwamba ni vitu tofauti, lakini inaviweka katika ukoo mmoja. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahisi uongo. Anaona tashbihi iliyofupishwa.

Lakini tukishakubali kwamba kopo ni kitendawili, hatuwezi kukubali jibu la picha peke yake. Huyu mwenye nguvu ni nani hasa? Asali ya miwa hutoka kwenye mua, na mua hukatwa na watu. Kabla ya Lyle kujenga kiwanda chake, sukari iliyotajirisha bandari za Uingereza ilikuwa imelimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi, na sheria ya kukomesha utumwa huo ilianza kutumika mwaka 1834 tu, Lyle alipokuwa kijana wa miaka 13. Simba aliyelala juu ya kopo anaweza kusomwa kama mwili wa mfanyakazi: nguvu zimemwisha, utamu unatoka kwake, na wanaoula ni wengine. Sidai kwamba Lyle alikusudia maana hiyo. Ninadai kwamba fumbo alilolichagua lina nafasi ya kuibeba, na sisi tunaopita kando ya mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi hatuna kisingizio cha kutoiona. Furaha yangu haipungui kwa kuijua. Inakuwa nzito zaidi, kama inavyotokea tunaposoma shairi la zamani tukaona pia jamii iliyolizaa.

Mwaka 2024 kampuni ilibadili nembo kwenye chupa na bidhaa nyingine, ikaliacha kopo la asili na mchoro wake. Nembo mpya ni uso wa simba hai na nyuki mmoja. Ninaelewa kwa nini. Chupa ya dukani hupewa muda mfupi sana wa kujieleza, na mzoga hauvutii mtu asiyejua hadithi. Mistari ya nembo hiyo ni safi, rangi zake zinapendeza. Hata hivyo, kwa kipimo cha uhakiki, nembo mpya ni dhaifu. Simba akiwa hai, nyuki hana sababu ya kuwa pale, na mtoto akiuliza, mzazi hana cha kumsimulia. Wamehifadhi wahusika wawili wakaondoa tukio. Wamelibakiza jibu bila kitendawili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya vitu vya wakoloni, na kwamba mwanafunzi wa Kampala ana mambo ya maana zaidi ya kuhakiki. Ninawajibu kwa neno moja tulilonalo: debe. Debe la mafuta ya taa lilikuja kama kifungashio cha bidhaa ya kigeni. Watu wa Afrika Mashariki walilifanya kipimo cha mahindi na ndoo ya maji, mafundi wakakata mabati yake, na lugha ikapata kupiga debe pamoja na methali ya debe shinda lisiloacha kutika. Makopo madogo yakawa vibatari, ambavyo hapa Uganda tunaviita tadooba. Watu wetu walishavisoma vifungashio kwa mikono na kwa ndimi kabla ya chuo kikuu kufikiria kufanya hivyo. Sisi tunachelewa nyuma yao.

Ninachopendekeza kwa wenzangu na kwa walimu wetu ni kidogo. Pakiti ya majani ya chai, kisanduku cha kiberiti, kopo la siagi: viingie darasani pamoja na kanga na methali, vihakikiwe kwa fani na maudhui, vilaumiwe pale vilipo vibovu na kusifiwa pale vilipo vizuri. Kifungashio kibaya kinatuambia jina la bidhaa na bei yake, basi. Kizuri kinatutegea. Tukishindwa kukitegua, itabidi tukipe mji.