Mwisho Unajulikana, Hadithi Bado Inashika: Jinsi Ukoo wa Metabaroni Ulivyosukwa

Mwandishi wa hadithi ya chimbuko, ile inayorudi nyuma kueleza yaliyotangulia kisa ambacho wasomaji wameshakimaliza, huanza kazi akiwa na upungufu mmoja mkubwa: msomaji anajua nani atabaki hai na nani atashinda. Wengi huziba pengo hilo kwa vita vingi na siri za kubuni, na kazi zao huchosha upesi. Walioweza kulitatua kweli ni wachache. Mmoja wao ni Alejandro Jodorowsky, mzaliwa wa Tocopilla, Chile, aliyeandika La Caste des Méta-Barons pamoja na mchoraji Juan Giménez wa Argentina. Ni mfululizo wa vitabu 8 vya katuni vilivyotoka Ufaransa kati ya 1992 na 2003. Inafaa kuufungua na kuona umeundwaje ndani.

Kwanza chanzo chake. Katikati ya miaka ya 1970 Jodorowsky alihangaika kutengeneza filamu ya Dune. Filamu ilikwama, lakini mawazo hayakupotea. Mengi yaliingia katika L'Incal, sakata ya anga aliyoiandika yeye na iliyochorwa na Moebius, iliyoanza kutoka katika jarida la Métal Hurlant mwaka 1980 na kufungwa na kitabu cha sita mwaka 1988. Humo ndimo alimotokea Metabaroni, mpiganaji asiyeshindika. Hakuwa mhusika mkuu, ila wasomaji walimkumbuka.

Uamuzi wa kwanza wa kiufundi ulikuwa kuchagua swali. Mtu angetarajia hadithi ya chimbuko ieleze jinsi Metabaroni alivyopata nguvu zake. Jodorowsky alishika jambo dogo zaidi. Katika L'Incal, muuaji huyu wa kukodiwa anamlea Solune, mtoto asiye wa damu yake, na anamlea kwa mapenzi. Mtu wa namna hiyo ametoka wapi? Jibu ndilo linalobeba vitabu vyote 8: ametoka katika ukoo ambao mwana hawi Metabaroni mpaka apigane na mzazi wake na kumuua. Ukishaijua sheria hiyo, upole wake kwa Solune unakuwa na uzito mwingine kabisa. Hadithi mpya haikubadilisha hata mstari mmoja wa ile ya zamani, lakini imetubadilishia namna ya kuisoma.

Uamuzi wa pili uko juu ya majalada. Othon anaitwa babu wa babu, na Honorata bibi anayelingana naye. Aghnar ni baba wa babu, na Oda ni mkewe. Anafuata babu, Kichwa-cha-Chuma, na bibi, Doña Vicenta Gabriela de Rokha. Kitabu cha saba ni cha Aghora, baba na mama katika mwili mmoja, na cha nane ni cha Asiye na Jina, Metabaroni wa mwisho. Kila mhusika anatajwa kwa udugu wake na yule ambaye tumeshakutana naye katika L'Incal. Mwisho haufichwi hata kidogo. Umefanywa kipimo cha kuwahesabia wengine wote. Tukimtazama Othon tangu ukurasa wa mwanzo, tunamtazama kwa macho ya kilembwe wake, tukiuliza deni lipi analianzisha ambalo mtu wa vizazi vinne baadaye atakuja kulilipa.

Deni hilo lina utaratibu. Kila mrithi anajeruhiwa, kiungo chake kinaondolewa, na chuma kinachukua nafasi yake. Kisha anamkabili mzazi wake. Marudio ya namna hii yangeua hadithi kama kila kizazi kingelipa bei ileile. Jodorowsky anapandisha bei. Othon anapoteza uwezo wa kuzaa. Aghnar anapoteza miguu. Anayemfuata anapoteza kichwa chote, na swali linageuka: mtu aliyewekewa kichwa cha chuma anaweza kupenda? Kwa Aghora tunakuta ubongo wa mtoto wa kiume ndani ya mwili wa dada yake pacha. Msomaji anajua fika kwamba pambano la mzazi na mwana litakuja. Asichojua ni nini kitakuwa kimebaki cha ubinadamu wao watakapokutana.

Tazama kwa karibu jinsi kizazi cha pili kinavyopatikana. Othon hawezi tena kuzaa. Honorata, mwanamke mwenye elimu ya siri, anachukua tone la damu yake na kulifanya mimba. Wazo hili Jodorowsky alikuwa nalo tangu enzi za Dune, ambako mtoto wa mtawala aliyehasiwa alipaswa kuzaliwa vivyo hivyo. Katika filamu lingekuwa tukio la ajabu tu. Hapa limepewa kazi. Kwa ukoo unaojivunia damu, tone moja ndilo daraja pekee lililobaki kati ya baba na mwana. Kisha mtoto anazaliwa hana uzito, anaelea hewani, na msomaji anakumbuka kwamba utajiri wote wa ukoo ulitokana na mafuta yanayoondoa uzito, yaliyokuwa yamefichwa katika sayari ya Marmola nyuma ya biashara ya marumaru. Ajabu moja imefungwa kwenye nyingine, na ndiyo maana hadithi yenye mambo yasiyoaminika kiasi hiki haisambaratiki.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouthamini kuliko yote. Hatusimuliwi na mwandishi. Anayesimulia ni roboti Tonto, akimweleza roboti mwenzake, Lothar, ndani ya ngome ya bwana wao ambaye hayupo. Lothar anafanya kazi ya hadhira ya ngano: anaitikia, anabisha, anaogopa, anaomba aendelezewe. Tonto anajua thamani ya anachokijua na hukata simulizi pale pale penye utamu. Hivyo shauku iliyopotea kwa sababu mwisho unajulikana inarudi kwa mlango mwingine: tunangoja Tonto afungue kinywa. Tena wanaotetemeka na kuhurumia ni mashine, ilhali watu wanaosimuliwa wamejizoeza kutohisi chochote. Hoja nzima ya kitabu imo katika mpangilio huo, bila mtu kuitamka.

Mwisho ni mkono wa mchoraji. Moebius aliichora L'Incal kwa mstari mwembamba, safi. Giménez hakumwiga. Alipaka rangi moja kwa moja juu ya karatasi, na ulimwengu wake una kutu, moshi, mabomba, vumbi na vyuma vilivyochakaa. Meli zake za anga zinaonekana nzito, zimetumika na zimepigwa. Kwa hiyo zama za nyuma zinatambulika kwa jicho kabla hujasoma neno: huku ndiko mambo yalikokuwa mabichi na ya kikatili. Giménez alifariki Aprili 2020 kwa UVIKO-19, na kurasa hizi zinatosha kumweka miongoni mwa wachoraji wakubwa wa katuni za anga.

Kasoro zipo. Wanawake wamepewa majalada yao, lakini mara nyingi kisa huwarudisha kwenye kazi ya kumzaa mrithi. Kufikia kitabu cha sita, ile ngazi ya mateso imeanza kuzoeleka. Tena mfululizo ulipozaa chimbuko lake wenyewe, Castaka, uliochorwa na Das Pastoras katika vitabu viwili vya 2007 na 2013, ulirudi nyuma zaidi bila swali lenye nguvu kama lile la kwanza. Matukio yapo, haja haipo.

Tofauti hiyo inatosha kuwa somo kwa yeyote anayetaka kurudi nyuma ya kisa kinachopendwa, awe anachora katuni au anaandika riwaya. Usianze kwa kutafuta vita vya kale. Tafuta tendo moja ambalo hadithi ya kwanza ililiacha bila maelezo, kisha jiulize kama jibu lake litambadilisha msomaji anaporudi kuisoma. Kama halitambadilisha, iache ile ya kwanza ilivyo.