Saa Sita na Dakika Moja

Usiku wa Agosti 27, 2025, nilikuwa nimekaa kwa kibanda cha chipsi hapa Kondele, Kisumu, nikiwa na kazi ya kuandika maneno 300 kuhusu mechi ya Grimsby Town na Manchester United. Ni kazi isiyo na heshima kubwa. Tovuti za kubashiri mechi hutaka makala fupi kabla na baada ya mchezo, hulipa kwa M-Pesa wakikumbuka, na jina lako halitokei popote. Ndiyo inanilisha tangu niache chuo. Kibanda kilikuwa kimejaa mashabiki wa Man U na watu waliokuja kuwacheka mashabiki wa Man U, ambao siku hizi ndio wengi.

Dakika ya 73, Grimsby, timu ya ligi ya daraja la nne, ikiwa inaongoza 2-0, ilimwingiza mchezaji anayeitwa Clarke Oduor. Hakuna aliyeshtuka. Mzee anayemenya viazi pale ndiye aliinua kichwa.

"Huyo Oduor ni wa wapi?"

"Siaya, mzee."

"Siaya gani?"

"Siaya hii."

Akaweka kisu chini.

Kuna aina moja ya makala ya michezo ambayo Mkenya yeyote mwenye simu ameshaisoma mara hamsini. Kijana alizaliwa hapa, au mzazi wake alitoka hapa. Yuko majuu, anasakata soka la kulipwa. Sheria za FIFA zinamruhusu kuchezea nchi mbili. Je, atatuchagua? Halafu panafuata orodha ya vilabu vyake, sentensi mbili kuhusu kijiji cha nyanyake, na mwisho ombi kwa mkufunzi wa Harambee Stars ampigie simu. Basi. Nimeandika makala za namna hiyo si chini ya kumi, kwa hivyo ninapozikosoa najikosoa mwenyewe kwanza.

Kasoro yake ya kwanza iko kwenye jina tunalompa mtu. Juzi nilifungua makala zangu za zamani nikaona kitu cha aibu. Oduor alipofunga bao, nilimwita "Mkenya". Timu yake iliposhuka daraja, akawa "mzaliwa wa Kenya". Sikukusudia. Vidole vyenyewe vilijua lini kumkumbatia na lini kusimama kando kidogo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni hilo neno "atachagua". Tunalitumia kana kwamba kijana ameketi sebuleni na jezi mbili mapajani. Kwa watu wachache ndivyo ilivyo kweli. Divock Origi alizaliwa Ostend, Ubelgiji, babake Mike Okoth aliichezea Kenya, na yeye 2014 akaenda Kombe la Dunia na Ubelgiji akafunga dhidi ya Urusi. Pale kulikuwa na jezi mbili. Bryan Mbeumo, aliyekuwa uwanjani usiku ule na Man U, alizaliwa Ufaransa, akachezea timu za vijana za huko, kisha 2022 akaamua kuwa Mkameruni na kwenda Qatar. Pale pia, jezi mbili.

Lakini Oduor? Alizaliwa Siaya 1999, akakulia Uingereza, akafunzwa mpira na akademia ya Leeds United. Januari 2019 Marcelo Bielsa alimpa mechi ya Kombe la FA dhidi ya QPR, na Agosti mwaka huo akahamia Barnsley. Kuanzia hapo amekuwa mtu wa madaraja ya chini. Niambie, ni lini Uingereza itamwita mchezaji wa daraja la nne? Steve Bull wa Wolves aliwahi kuichezea Uingereza 1989 akitokea daraja la tatu, na mpaka leo watu husimulia kisa hicho kama muujiza. Kwenye karatasi Oduor ana milango miwili. Mmoja umepigwa misumari kwa ndani. Kumuuliza kila mwaka kama atatuchagua ni kumpa mamlaka asiyokuwa nayo, halafu kumlaumu kwa jinsi anavyoyatumia.

Maisha ya mchezaji wa ligi za chini ni kuchaguliwa. Anachaguliwa Jumamosi au anaachwa benchi. Anachukuliwa kwa mkopo, anarudishwa, anaambiwa mkataba hauongezwi. Kazi ya namna hiyo naielewa. Wengi wa umri wangu hapa tunaielewa kuliko tunavyoelewa maisha ya Origi.

Na ndani ya kazi hiyo kuna mambo ambayo makala zetu huyaruka mbio ili zifike kwenye swali lao. Mfano ni Julai 22, 2020, siku ya mwisho ya msimu. Uwanja wa Griffin Park ulikuwa mtupu kwa sababu ya korona. Barnsley walihitaji kushinda kwa Brentford ili wasishuke hadi daraja la tatu. Brentford nao wangeshinda wangepanda moja kwa moja Ligi Kuu, maana West Brom walikuwa wametoka sare na QPR. Ilikuwa 1-1 dakika tisini zikiisha. Kisha Oduor akafunga. Barnsley wakabaki, Charlton wakashuka. Brentford wakaenda mchujo, wakapoteza fainali kwa Fulham, na wakasubiri mwaka mzima zaidi.

Bao moja kama hilo hugusa mishahara ya watu wengi, kuanzia wapishi wa klabu mpaka wakata nyasi. Mimi nililiandikia aya moja. Aya ya pili ilianza na "Swali ambalo mashabiki wa Harambee Stars wanajiuliza..." Nilikuwa na miaka ishirini na nililipwa shilingi mia mbili. Hiyo si sababu ya kutosha.

Sisemi swali la timu ya taifa ni la kijinga. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoruhusu Mkenya kuwa na uraia wa nchi nyingine bila kupoteza huu wetu. Kabla ya hapo familia nyingi zilizohamia majuu zililazimika kuacha kitu. Kwa hivyo tunapouliza "bado ni wetu?", tunauliza pia kuhusu mjomba aliyeenda Leeds hakurudi, na matanga aliyoyafuatilia kwa simu. Jonah Ayunga, mzaliwa wa Uingereza aliyepitia Dorchester, Havant na Morecambe, alikubali kuvaa jezi ya Harambee Stars, na nilifurahi kama mtu mwingine yeyote. Ninachokataa ni kufanya jibu la swali hilo liwe ndiyo kipimo cha maisha yote ya mtu.

Turudi kibandani. Siku tano kabla, Harambee Stars walikuwa wametolewa na Madagascar kwa penalti pale Kasarani, robo fainali ya CHAN, mashindano ambayo ni ya wanaocheza ligi za nyumbani tu. Watu walikuwa bado na uchungu wa penalti. Na sasa Man U wamerudisha mabao mawili, ni 2-2, mechi inaenda kwa penalti, na huku kwetu inakaribia saa sita ya usiku. Kwa Kijaluo, Oduor ni mtoto aliyezaliwa usiku wa manane. Mzee aliwaeleza hivyo vijana waliokuwa pale, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi.

Oduor akapiga. Onana akaudaka.

Kelele zilizotoka ni za ajabu. Mashabiki wa Man U walishangilia, halafu nusu yao wakakumbuka mzee alichosema na wakanyamaza kidogo. Matheus Cunha alipewa nafasi ya kumaliza mambo, akakosa. Zikapigwa penalti 26 kwa jumla, mpaka Mbeumo akagonga mwamba. Grimsby 12, Man U 11.

Siku chache baadaye ikajulikana kwamba Oduor hakustahili kucheza. Alikuwa amekuja kwa mkopo kutoka Bradford City siku moja tu kabla ya mechi. Makataa ya kumsajili kwa mechi hiyo yalikuwa saa sita mchana, na fomu yake iliingia saa sita na dakika moja. Klabu ilijiripoti yenyewe. Ilipigwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikiwa ya kuning'inizwa, na matokeo yakabaki vilevile.

Nilisoma habari hiyo mara tatu. Mtu tunayemwandika kila mwaka kwamba anaruhusiwa na nchi mbili alikuwa haruhusiwi na mechi moja.

Chuo nilichosoma kilikuwa na tovuti ya kusajili masomo ambayo haifunguki ukiwa na salio la karo. Mwaka wa tatu tulichanga nyumbani, mama akatuma pesa jioni ya siku ya mwisho, benki ikazionyesha asubuhi. Tovuti ilikuwa imefungwa. Karani alinitazama vizuri tu, bila ubaya, akasema nirudi mwaka ujao. Sikurudi. Sitaki kudanganya kwamba ni hilo pekee, nilikuwa pia nimechoka na sikuwa nasoma sana. Lakini ukiniuliza kwa nini "nilichagua" kuacha chuo, kama shangazi zangu wanavyouliza, nitakuambia neno hilo limekaa vibaya.

Ndiyo maana kwenye ile ripoti ya maneno 300 nilimwandikia Oduor aya nzima. Sikuuliza atachezea nani. Niliandika kwamba mtu aliyefika kazini jana, ambaye pengine hajayashika majina ya wenzake wote, alienda kupiga penalti mbele ya Man U. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa habari ya usiku ule. Mhariri akaifuta, akabakisha Mbeumo na mwamba. Nilipomuuliza, alijibu kwa WhatsApp: "Nani anabet Oduor?"

Kesho yake jioni nilipita tena kwa chipsi. Mzee hakuniuliza kuhusu Harambee Stars. Aliniuliza kama yule kijana ana mtu wa kukaa naye huko Grimsby, maana amefika juzi tu, na kukosa penalti halafu urudi kwa nyumba ambayo hata hujaizoea ni kitu kibaya. Kisha akanipimia chipsi za hamsini, akaongeza kidogo.