Mizani, Bambo na Daftari

Korosho ya Newala hupita mikononi mwa wengi kabla ya kupakiwa melini Mtwara kwenda kubanguliwa India au Vietnam. Mkulima tunamsifu, na anastahili. Mnunuzi tunamngoja mnadani kwa hamu. Mimi leo namsifu karani wa ghala la chama cha msingi, na pamoja naye fani nzima ya ununuzi na ugavi.

Msimu ukifunguliwa Oktoba, magunia huingia tangu asubuhi, mengine kwa baiskeli, mengine kwa bodaboda. Karani mzuri hababaishwi na foleni. Analichoma gunia kwa bambo juu, katikati na chini, maana korosho mbovu hufichwa pasipoonekana. Anazitikisa kiganjani na kusikiliza: zilizokauka hugonga ndani ya ganda, mbichi hunyamaza. Kisha hutumia kipima unyevu, kwa kuwa unyevu ukizidi asilimia 10 mzigo huweza kuota ukungu ghalani. Mbele ya safari sampuli hupasuliwa korosho moja moja, viini vizima vikatengwa na vilivyosinyaa au kuliwa na wadudu. Ubora wa korosho ghafi duniani hutajwa kwa ratili za kiini zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Kwa hiyo tajiri aliye ng'ambo hupanga bei akitegemea uaminifu wa mikono ya watu asiowajua, walioko Masasi na Newala.

Wazee wa huku wanaikumbuka kangomba, na bado haijaisha: mwenye shida ya ada au ya chakula hupimiwa korosho zake kwa bakuli, kwa bei ya mwenye bakuli. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, ilileta njia nyingine. Mzigo unapimwa, unawekwa daraja, unaandikiwa stakabadhi, kisha unauzwa mnadani kupitia vyama vikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa upande wa Masasi. Bakuli hushindwa pale tu mizani inapoaminika.

Tangu msimu wa 2024/25 minada hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Ni hatua njema. Hata hivyo mfumo hauoni mchanga uliotiwa kwenye gunia. Unaona kilichoandikwa na karani. Serikali ilipotangaza Novemba 2018 kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, bei ilijulikana siku hiyo hiyo. Kilichochukua muda ni uhakiki: nani ana shamba, nani alileta kilo ngapi. Bei hutangazwa kwa siku moja, lakini kumbukumbu za kweli hujengwa mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo uchambuzi wa takwimu unapopata maana. Jina, kilo, daraja, tarehe: mistari hiyo minne ya daftari, ikikusanywa kwa misimu kadhaa, humwonyesha mwenye macho ni kijiji gani kitahitaji magunia mengi, wiki gani malori yatazidiwa, na salfa kiasi gani iagizwe mapema. Salfa hulinda maua ya mkorosho dhidi ya ubwiriunga. Ikifika maua yameshaungua, hata kama ilinunuliwa kwa bei nafuu kuliko zote, ni hasara. Kununua vizuri ni kununua kitu sahihi na kukifikisha kwa wakati, na anayelijua hilo kwa hesabu anaokoa mavuno ya watu ambao hatawaona kamwe.

Kwa hiyo, kijana unayesomea ununuzi na ugavi, usiidharau kazi ya ghalani. Nenda msimu mmojawapo ukasimame kwenye mizani, ujifunze kuchoma gunia kabla ya kuchora grafu. Na ninyi viongozi wa vyama vya msingi, ajirini karani kwa ujuzi na uadilifu wake, mumlipe kwa wakati. Chama kinachompa mtu daftari kwa sababu ya undugu kimeshaanza kuwapunja wanachama wake kabla hata ya mnada wa kwanza.