Kuchoma na Kuchomoa

Kuchoma kwa mkuki si kazi. Kazi ni kuchomoa. Farasi anayetimua mbio humpitisha mpandaji kwa adui kufumba na kufumbua, na uti wa karibu mita 2.7 ukinasa mwilini mwa mtu, humtegua mpandaji mkono au humwangusha chini. Aliyeujua mkuki aliulegeza mkono wakati uleule ncha ilipoingia, akaacha uti urudi nyuma, na mbio za farasi ndizo zikauchomoa. Na adui akishaipita ncha, akawa karibu kiasi cha kusikika pumzi, mkuki hugeuka fimbo tu. Ndiyo maana si kila jeshi lililoutamani liliuweza.

Wapoland waliuweza, ila hawakuubuni peke yao. Waliupokea kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Watatari waliolowea Lithuania, Waislamu waliopewa ardhi kwa sharti la kutumika vitani. Hata jina ulani, yaani mpanda farasi wa mkuki, asili yake ni neno la Kituruki lenye maana ya kijana. Nalipenda jina hilo kuliko hadithi zote za mabwana wa Ulaya: ndani yake mna barobaro wa nyikani, hatamu mkono mmoja, mkuki mkono wa pili.

Cha kuchekesha ni kwamba siku iliyowapa Wapoland sifa kubwa kuliko zote, hawakuwa na mkuki hata mmoja. Tarehe 30 Novemba 1808, kwenye kipito cha milimani cha Somosierra nchini Hispania, Napoleon aliwaamuru wapanda farasi wa Kipoland wapatao 125 wapandishe njia nyembamba iliyolindwa na mizinga 16. Kiongozi wao, Jan Kozietulski, alipoteza farasi mapema. Waliobaki wakasonga kwa panga, wakaivuka mizinga kituo baada ya kituo. Mambo yalikwisha kwa dakika chache, na wengi wao wakabaki njiani. Mikuki walikabidhiwa mwaka uliofuata, baada ya vita vya Wagram.

Sura ya mkuki wenyewe ilionekana Albuera, hukohuko Hispania, tarehe 16 Mei 1811. Mvua kubwa ilinyesha, baruti ikalowa, bunduki za Waingereza zikawa vyuma vitupu. Walani wa Legioni ya Vistula, kikosi cha Wapoland, wakawatokea ubavuni, vibendera vikipepea juu ya mikuki, na vikosi vitatu kati ya vinne vya brigedi ya Colborne vikasambaratishwa. Waingereza waliwalaumu kwa kuchoma hata majeruhi. Nami siwezi kuipita lawama hiyo kimyakimya: mkuki kwa nguruwe mtamu, na anayesifu ustadi huu hana budi kukumbuka ulikoishia. Lakini walalamikaji haohao, ilipofika 1816, waliunda vikosi vyao vya mikuki, wakavaa hadi kofia ya Kipoland yenye kilele cha pembe nne.

Wafaransa hawakungoja kiasi hicho. Mwaka uleule wa 1811 Napoleon aligeuza rejimenti sita za dragoni kuwa za mikuki, na Wincenty Krasiński, kamanda wa Wapoland katika walinzi wake, akaandika mwongozo wa kuushika. Amri hutoka kwa siku moja. Kifundo cha mkono hakifundishiki hivyo.

Kisha ikaja hadithi ya 1939, Wajerumani walipoivamia Poland, kwamba walani walivirukia vifaru kwa mikuki. Si kweli. Jioni ya tarehe 1 Septemba, huko Krojanty, rejimenti ya 18 ya walani iliwashambulia kwa panga askari wa miguu wa Kijerumani, ikafaulu, kisha bunduki za rashasha za magari ya deraya zikawakata. Kamanda wao, Kazimierz Mastalerz, akauawa. Siku hiyohiyo, kijijini Mokra, brigedi nyingine ya wapanda farasi iliizuia divisheni ya vifaru ya Kijerumani kwa mizinga midogo, askari wakipigana kwa miguu. Farasi walikuwa nyuma ya miti, kila mshikaji na hatamu kadhaa mkononi, akisikiliza milio na kungoja wenye farasi warudi.